Roka kavu baada ya ovaholi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu oili ya juu kwenye injini za zamani

Kigoma bado ina injini za zamani zinazofanya kazi kila siku: Land Rover Series za lita 2.25, Land Cruiser za F na 2F, Peugeot 404, Bedford za mizigo, na Lister kwenye mashine za kusaga. Nyingi zimeshafunguliwa na kufungwa upya zaidi ya mara moja. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi gereji za Mwanga, Gungu na Ujiji baada ya ovaholi, yaani injini kufunguliwa yote na kufungwa upya, inapowaka vizuri lakini juu inalia. Yote yanahusu injini zenye kamshafti (shafti ya kamu zinazofungua valvu) kwenye bloku, tapeti zinazokaa juu ya kamu, pushirodi (vijiti vinavyosukumwa na tapeti), na roka juu ya hedi, yaani mikono midogo inayosukumwa na pushirodi na kuikandamiza valvu.

## Mambo ya msingi

Roka zinapata oili kutoka wapi?

Fuata njia yenyewe kuanzia chini. Pampu inavuta oili kwenye sampu (bakuli la chini ya injini) kupitia chujio la waya, inaisukuma kwenye filta, kisha inaingia njia kuu iliyotobolewa kwa urefu wa bloku. Hapo inagawanyika kwenda beringi za kranki na beringi za kamshafti. Kwenye injini nyingi za aina hii, ni kutoka beringi mojawapo ya kamshafti ndipo tundu dogo linapandisha oili kupitia bloku, gasketi ya hedi na hedi yenyewe, mpaka kwenye stendi moja ya shafti ya roka. Shafti ina uwazi ndani. Oili inaujaza, kisha inatokea kwenye tundu dogo lililo ndani ya kila roka.

Kinacholowesha bushi ya roka kinaendelea hadi ncha ya valvu upande mmoja na kikombe cha pushirodi upande wa pili, halafu kinateremka kwenye matundu ya pushirodi na kuzimwagia tapeti na kamu oili kabla ya kurudi sampu. Kwa hiyo roka ni za mwisho kupata, na njia yao ndiyo nyembamba kuliko zote. Uchafu mdogo ambao beringi ya kranki ingeuvumilia unatosha kuziba huku juu.

Geji inasoma vizuri kabisa. Roka zitakosaje oili?

Hili ndilo swali ninaloomba kila mwenye gari la zamani alielewe kuliko mengine yote. Geji, au swichi ya taa ya oili, imefungwa kwenye njia kuu ya bloku. Inaonyesha msukumo uliopo pale ilipofungwa, basi. Haijui kilichotokea baada ya oili kuacha bloku. Njia ya kupanda juu ikiziba kabisa, geji haishuki. Inaweza hata kupanda kidogo, kwa sababu oili imepungukiwa pa kutokea.

Usikubali kuambiwa "presha ipo, kwa hiyo juu kuna oili". Presha ikiwepo, ujue pampu na beringi za chini ziko sawa. Habari za roka zinapatikana kwa kufungua kava ya tapeti na kutazama kwa macho.

Kabla ya ovaholi haikuwa inalia. Kwa nini ianze sasa?

Kwa sababu ovaholi ndiyo inayogusa kila kitu kwenye njia hiyo. Bushi za kamshafti zimetolewa na kupigwa mpya: je, tundu la bushi limekutana na tundu la bloku? Hedi imesagwa: chembe za chuma zimekwenda wapi? Gasketi ni mpya: ina tundu la oili pale linapohitajika? Shafti ya roka imefunguliwa, ikaoshwa, ikarudishwa: imeelekea kule ilikokuwa? Injini iliyochoka kwa kilomita nyingi huharibika taratibu. Iliyotoka kufungwa, ikikosa oili juu, karibu kila mara ni kitu kilichofungwa vibaya au kilichosahaulika. Hiyo ni habari njema, maana kitu cha aina hiyo hutafutwa na kupatikana.

Nitajuaje kwamba mlio ni wa juu na si wa konrodi?

Mlio wa valvu ni mwepesi, wa chuma kwa chuma, na unapiga nusu ya mizunguko ya kranki kwa sababu kamshafti inazunguka nusu ya mwendo huo. Konrodi, inayounganisha pistoni na kranki, inapiga kwa uzito zaidi na huzidi gari linapobeba mzigo mlimani. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava ya tapeti na mpini wake kwenye sikio, kisha ihamishie pembeni mwa bloku, chini. Tofauti utaisikia.

Kuna sauti nyingine isiyo mlio wa kugonga: mlio mwembamba wa kukwaruza, kama wa ndege, unaopanda na resi. Huo ni ukavu wenyewe, chuma kinasugua chuma bila oili. Ukiusikia, zima.

## Kutafuta tatizo lilipo

Nianzie wapi?

Kabla ya kushika spana ya kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi kati ya roka na valvu. Watu wengi huseti kwanza, wanaseti tena, na wakati huo wote shafti inaendelea kuliwa.

Pima kwanza kiwango cha oili kwa dipstiki, gari likiwa sehemu tambarare. Liwashe lipate moto, lizime, fungua kava ya tapeti, kisha uliwashe tena likiwa sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta. Weka kipande cha kadibodi pembeni, oili isirukie manifoldi ya moto. Angalia roka moja baada ya nyingine, kuanzia ya mbele hadi ya nyuma, bila haraka. Unataka kujua mambo matatu: oili inafika? Inafika kwenye zote? Inafika kwa kiasi gani? Ukishajua hilo, nenda kwenye swali linalofanana na ulichokiona.

Oili ya kutosha inaonekanaje?

Si chemchemi. Wengi hutegemea kuona oili inaruka, wakiona inachuruzika tu wanadhani kuna kasoro. Injini ikiwa sailensi na moto, kila roka inapaswa kuwa imelowa, na oili mbichi inajikusanya polepole pembeni mwa bushi na kutiririka kuelekea ncha zote mbili. Futa roka moja kwa kitambaa safi (injini ikiwa imezimwa), washa tena, uone kama inalowa upya ndani ya muda mfupi. Kipimo hicho hakikudanganyi, kwa sababu oili uliyoimwaga kwa mkono wakati wa kufunga inaweza kuifanya roka ing'ae huku hakuna kinachopanda.

Hakuna oili hata kwenye roka moja. Imekwama wapi?

Presha chini ipo? Kama haipo, tatizo si la roka: rudi kwenye pampu, valvu ya kupunguza presha na filta, na usiwashe tena injini. Kama ipo, kizuizi kiko kati ya bloku na shafti. Tafuta kutoka juu kwenda chini, maana ndiyo njia ya kubomoa kidogo kwanza.

Legeza shafti na uinue stendi inayopokea oili. Toa kwanza waya ya koili, au kata dizeli, ili injini isiwake, kisha piga stata. Oili ikitokea kwenye tundu la hedi, hedi na gasketi havina kosa. Tatizo liko kwenye stendi au shafti. Tazama bolti ya stendi hiyo hasa. Kwenye injini kadhaa oili hupanda pembeni mwa bolti yenyewe, na bolti hiyo ilitengenezwa ikiwa nyembamba katikati ili kuacha nafasi. Mtu akipoteza ya asili na kuweka bolti nene ya kawaida yenye uzi uleule, ameziba njia bila kujua. Kisha angalia kama shafti haikugeuzwa mbele nyuma au kuzungushwa, tundu lake la kupokea likawa linatazama ukuta wa stendi.

Oili isipotokea kwenye hedi, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili huku mwenzako akiendesha pampu kama ilivyoelezwa kwenye swali la kupandisha oili hapo chini. Kwenye baadhi ya injini kamshafti huruhusu oili kupanda pale tu tundu lake linapokutana na la bloku, kwa hiyo injini iliyosimama mahali pabaya itaonekana imeziba ilhali ni nzima. Bado hakuna? Hedi ishuke. Ukiishusha, usikimbilie kuisafisha. Lalisha gasketi juu ya bloku kwanza, uone kama tundu la oili lipo na limekutana. Ukisafisha kabla ya kutazama unafuta ushahidi.

Kama gasketi na hedi viko sawa, kilichobaki ni bushi ya kamshafti iliyopigwa ikiwa imezunguka kidogo. Ni habari mbaya, maana kamshafti lazima itoke. Jaribu kupitisha waya laini kutoka juu: ukigonga chuma kwenye kimo cha kamshafti hata baada ya kuizungusha kote, jibu umelipata.

Roka za upande mmoja zimelowa, za upande mwingine ni kavu.

Angalia vizibo vya ncha za shafti. Shafti ina uwazi ndani, na kila ncha inapaswa kuzibwa. Kizibo kikitoka, au fundi akikitoa ili asafishe ndani na kusahau kukirudisha, oili yote inamwagika hapo na zilizo mbali hazipati kitu. Kava ikiwa wazi utaiona inamwagika kwenye ncha.

Kwenye Toyota F na 2F kuna jambo la ziada: shafti ya roka ni vipande viwili vinavyokutana katikati kwenye yunioni, na oili huingilia hapo. Mpira wa yunioni ukikatika wakati wa kufunga, au yunioni isipokaa sawa, oili inavuja katikati na ncha zinakauka. Usiilazimishe kwa nyundo. Paka oili, ikae kwa mkono.

Roka moja tu ndiyo kavu.

Tundu lake limeziba, au bushi mpya imepigwa bila kutobolewa. Bushi ya shaba inapopigwa kwenye roka ya zamani inafunika tundu la oili la roka. Lazima litobolewe upya baada ya bushi kukaa, kisha kingo zilainishwe. Wachongaji wengi wanachonga vizuri sana kipenyo cha ndani na kuisahau hatua hii. Kabla ya kufunga, nyanyua kila roka kwenye mwanga na utazame kupitia tundu. Kazi hiyo haimalizi hata dakika tano kwa roka nane.

Oili ipo kote, nimeseti tapeti kwa fila geji (bapa la kupimia nafasi), bado zinalia. Nini tena?

Tazama uso wa roka pale inapogusa ncha ya valvu. Pitisha ukucha. Injini iliyokimbia kavu, hata kwa muda mfupi, huchimba kijishimo hapo kinacholingana na upana wa ncha ya valvu. Fila geji ni pana kuliko shimo, inalala juu ya kingo zake kama daraja. Wewe unasoma 0.25 mm, lakini ndani ya shimo kuna nafasi zaidi ya hiyo, na ndiyo inayogonga. Unaweza kuseti mpaka jioni. Dawa ni kuusaga uso wa roka kwa kiasi kidogo, ukifuata umbo lake la asili, au kuibadilisha.

Ili kujua ni ipi kati ya zote, injini ikiwa sailensi ingiza bapa la fila geji kati ya roka na valvu, moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiingiza mlio unapungua au unabadilika ndiyo yenyewe.

Sehemu nyingine ya kutazama ni upande wa chini wa shafti. Roka inasukumwa juu na pushirodi upande mmoja na springi ya valvu upande wa pili, kwa hiyo inailalia shafti kwa chini, na huko ndiko inakoliwa. Shafti iliyo laini juu inaweza kuwa na mfereji chini.

Nafasi sahihi ya tapeti ni ipi?

Land Rover 2.25, petroli na dizeli, ni inchi 0.010, yaani 0.25 mm, kwa valvu zote. Toyota F na 2F ni 0.20 mm za kuingiza na 0.35 mm za moshi, injini ikiwa moto. Kwa injini ya silinda 4 yenye valvu 8 kama ile Land Rover, kanuni ya 9 inakuokoa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa seti ya 1, ya 6 ikifunguka seti ya 3, ya 4 kwa ya 5, na kuendelea hivyo, jumla ikiwa 9 kila mara.

Presha inatakiwa kuwa ngapi?

Kitabu cha Land Rover 2.25 kinataka paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa moto, gari likienda maili 30 kwa saa kwenye gia ya juu. Injini nyingine zina vipimo vyake. Usiamini geji ya dashibodi yenye umri wa miaka hamsini. Fungua swichi, funga geji ya gereji, usome.

## Wakati wa kufunga

Nisafisheje njia za oili ili nisirudi tena?

Toa vizibo vyote vya njia kuu. Bloku iliyooshwa vizibo vikiwa ndani haijaoshwa. Chembe za kusagia na uchafu wa miaka hukaa kwenye kona nyuma ya vizibo hivyo hivyo. Anza na mafuta ya taa na brashi nyembamba, upitishe kila tundu. Kisha maji ya moto na sabuni, maana mafuta ya taa peke yake hayaondoi dawa ya kusagia valvu. Suuza, puliza kwa kompresa, paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Hapa ziwani unyevu hauingoji kesho.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kufunga hedi moja kwa moja: chukua kopo la oili lenye mdomo mrefu, sukuma oili kwenye tundu la bloku linalopandisha juu, uone inatokea kwenye beringi ya kamshafti. Fanya vivyo hivyo kwenye hedi, kutoka chini hadi kwenye stendi.

Silikoni inafaa kwenye gasketi?

Kwenye sampu na kava, kidogo sana, mahali palipopinda tu. Kwenye gasketi ya hedi na chini ya stendi za roka, hapana kabisa. Silikoni unayoiona imetoka nje kwa unene fulani imetoka na ndani kwa unene uleule, na kipande kikikatika kinavutwa hadi kwenye chujio la pampu au kinapanda hadi tundu la roka.

Namna gani ya kupandisha oili kabla ya kuwasha mara ya kwanza?

Hatua hii inaokoa injini nyingi, na ndiyo inayorukwa kwa sababu mwenye gari amesimama mlangoni anasubiri. Kwenye injini ambazo pampu inaendeshwa na shafti inayopita chini ya distribyuta, toa distribyuta na gia yake, ingiza kipande cha shafti kilichochongwa kulingana na mdomo wa pampu, zungusha kwa drili ya polepole kuelekea upande ambao pampu huzunguka kawaida. Utasikia drili inakuwa nzito oili inapofika. Endelea huku mwenzako akizungusha kranki kwa mkono, mpaka uone kila roka imelowa.

Isipowezekana, toa plagi zote ili injini iwe nyepesi, zuia kuwaka, na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka presha ipande. Filta ijazwe oili kabla ya kufungwa. Usifunge kava ya tapeti kabla hujaiona oili juu.

Nasikia dakika ishirini za kwanza ndizo zinazoua kamshafti. Ni kweli?

Kwa injini zenye tapeti bapa, kama Toyota F na 2F, kamshafti na tapeti zikiwa mpya, ni kweli. Tapeti hizo zinatakiwa kuzunguka zenyewe juu ya kamu ili zisilike sehemu moja, na uso wake mpya unahitaji kuzoeana na wa kamu chini ya oili nyingi. Injini ikiwa sailensi, oili inayorushwa huko ni kidogo na ncha ya kamu inabeba nguvu yote ya springi. Kwa hiyo: paka kamu na chini ya tapeti mafuta mazito ya molibdeni, hakikisha petroli na taiming viko tayari ili iwake mara moja, na mara ikiwaka ipeleke mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo dakika 20 hivi ukipandisha na kushusha kidogo. Ikichemsha, zima, rekebisha, uendelee. Kisha mwaga oili na ubadilishe filta.

Land Rover 2.25 ni tofauti: tapeti zake zina roli. Haihitaji ibada hii, lakini inahitaji kupandishiwa oili kama nyingine. Tapeti za zamani zikirudishwa, kila moja irudi kwenye kamu yake ileile. Ziwekee alama unapozitoa.

## Oili yenyewe

Niweke oili gani?

Kwa joto letu, 20W-50 kwa petroli za zamani na 15W-40 ya dizeli kwa nyingi zilizobaki. Wanaosema oili za kisasa zimepunguzwa zinki wana hoja: kiwango cha ubora wa oili cha API SM (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani) cha mwaka 2004 kiliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili kulinda mitambo ya kusafisha moshi kwenye magari mapya, na fosforasi hiyo huja pamoja na zinki inayolinda tapeti bapa. Lakini kikomo hicho kinahusu oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, si 20W-50. Kwa hiyo chaguo la zamani la wazee wetu bado linafaa, na sababu ya kwanza ya kukimbia oili nyepesi ya magari mapya kwenye 2F ni hiyo.

Nunua galoni yenye lakiri isiyoguswa, kwa mtu unayeweza kumrudia. Oili ya kupimwa kwenye chupa za maji sokoni hakuna anayejua ilikotoka.

Oili inanuka petroli au imebadilika rangi.

Dipstiki ikipanda bila wewe kuongeza na oili ikinuka petroli, tazama pampu ya petroli ya pembeni mwa bloku. Kiwambo chake kikipasuka, petroli inaingia sampu na kuipunguza oili uzito. Roka zinaanza kulia gari likipata moto. Badilisha kiwambo na oili yote. Kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Utando mwepesi chini ya kifuniko cha kujazia oili tu, dipstiki ikiwa safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi za mjini.

Mawese yanaweza kusaidia kwa dharura?

Hapana. Najua tunayo mengi na yana utelezi mzuri mkononi. Lakini mawese huganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, maana yake kila asubuhi yatakuwa yameganda ndani ya matundu yale madogo tunayohangaika kuyafungua. Na yakichemka ndani ya injini yanageuka ulimbo. Oili ya gia si nzuri, lakini hata hiyo ni afadhali.

## Hali za pekee

Fundi alipanua tundu la kupandisha oili. Sasa roka zimelowa vizuri lakini gari linatoa moshi wa bluu.

Tundu lilikuwa dogo kwa makusudi. Sasa oili inajaa juu kuliko matundu ya kurudi yanavyoweza kuiteremsha, inaingia kwenye gaidi za valvu na kuungua, na presha ya sailensi imeshuka. Rudisha kizuizi: chonga kizibo cha shaba chenye tundu la kipimo cha awali. Kama hakuna aliyepanua kitu, kagua matundu ya kurudi. Yakiziba kwa tope la oili dalili ni zilezile.

Kuna bomba la nje linalopeleka oili juu kutoka kwenye swichi. Nilifunge?

Sishauri kwa injini iliyotoka ovaholi. Linachukua oili kwenye njia kuu kabla ya beringi za kranki kushiba, na linaficha kizuizi ambacho bado kipo. Tafuta kizuizi chenyewe kwanza.

Shafti ya roka haipatikani. Naweza kuchongesha?

Unaweza, na mkoa wetu na Tabora una watu wanaojua chuma; reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na karakana zake zimekuza mafundi wa leizi kwa vizazi. Tatizo ni ugumu wa chuma. Shafti ya asili imegumishwa uso. Ya chuma laini, hata ikichongwa kwa ustadi, italiwa haraka na unga wake utaenda kwenye oili. Tumia chuma kinachoweza kugumishwa, toboa matundu kabla ya kugumisha, ukinakili mwelekeo wa kila tundu kutoka shafti ya zamani, na uweke vizibo vya ncha.

Lister ya mashine ya kusaga haina oili kabisa kwenye roka. Imeharibika?

Haijaharibika. Lister CS za mwendo wa polepole, zile za mizunguko 600 hadi 650 kwa dakika zilizoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, hazina njia ya kupandisha oili kwenye roka. Hupakwa kwa mkono, kwa kopo la oili, kila siku ya kazi kabla ya kuwasha. Kama mashine imebadilisha mwendeshaji karibuni, huenda mpya hakuambiwa. Mwambie.

Injini imefungwa vizuri lakini itakaa miezi kabla ya kuwashwa.

Oili ya kawaida hutiririka na kuacha chuma wazi. Paka kamu, tapeti, shafti na ncha za valvu mafuta mazito ya kufungia, ziba matundu yote, na upandishe oili upya siku ya kuwasha. Mfano tunao hapa hapa: wahandisi wa Kijerumani walipoizamisha meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, kwa makusudi Julai 1916 walizifunika injini zake kwa grisi nzito. Meli iliinuliwa 1924, injini zikaonekana bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Roka zimekauka na niko njiani, tuseme Uvinza. Nifike Kigoma kwa gari hilohilo?

Inategemea geji. Presha ikiwa imeshuka, au taa ya oili inawaka, usisogee. Tafuta wa kukuvuta. Presha ikiwa nzima na ukavu uko juu tu, injini ikizimwa na kupoa fungua kava, mimina oili kwa mkono juu ya kila roka, hasa kwenye bushi na vikombe vya pushirodi, funga, uende mwendo mdogo bila kuvuta resi. Simama baada ya kilomita chache, fungua, mimina tena. Oili unayomimina inaishia sampu, kwa hiyo fuatilia dipstiki isizidi alama ya juu. Ukisikia ule mlio mwembamba wa kukwaruza, egesha.